Mashine Iliyochukia Maji

Mume wa dada yangu tulimwita Kimya, na mwenyewe aliitika. Si kwamba alikuwa na kiburi. Ukimpa chai atashukuru, ukimpa habari ataisikiliza mpaka mwisho, ukimchokoza atacheka kwa mabega. Ila ukimuuliza, "Shemeji, kwani kazini huwa mnafanya nini?" anageukia dirishani kana kwamba kuna mtu anamwita huko nje, halafu anasema, "Kazi tu." Hiyo kazi tu aliifanya tangu akiwa kijana mwenye nywele zake zote hadi utosi ulipoanza kung'aa, katika maabara ya utafiti ya jeshi, nyuma ya ukuta mrefu wenye seng'enge juu. Hakuna ndugu aliyewahi kuvuka lango lile.

Sisi upande wa mke, ambao utani ni haki yetu, hatukumwacha apumue. Mama alishikilia kwamba mkwewe ni mpishi wa maofisa na anaona haya kusema. Mjomba alisema anafuga mbwa wa kunusa. Lakini dada yangu alikuwa na ushahidi wake. Miaka yote ya ndoa, neno moja tu lilimponyoka mumewe akirudi amechoka: maji. "Leo maji yametusumbua." "Maji yameharibu kila kitu." "Tungekuwa tumeshamaliza, kama si haya maji." Dada akajumlisha mwenyewe, akapata kwamba mumewe ni mtu wa pampu, na akawatangazia majirani.

Siku bomba la jikoni lilipoanza kuvuja, alimkabidhi spana kwa fahari. Kimya hakuweza kukataa bila kueleza kazi yake si ipi, na kueleza alikuwa amekatazwa. Akapiga moyo konde, akaingia chini ya sinki. Alipotoka, sufuria zilikuwa zinaelea, na mimi ndiye niliyepigiwa simu nikafunge koki ya barabarani. Maana mtu wa maji katika familia ile, mtu wa maji wa kweli, ni mimi.

Mimi ni msimamizi wa gengi la wachimbaji katika mamlaka ya maji ya mji wetu. Wananiita Sikio. Naweka fimbo ya chuma juu ya ardhi, naweka sikio juu ya fimbo, na nasikiliza bomba linavuja wapi. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana mji umetuajiri sisi tuyawahi. Mara nyingi napata. Mara nyingine tunachimba shimo la kuzikia tembo na hatukuti hata jasho la bomba, na hapo gengi langu hunipa pole kwa namna ambayo siwezi kuiandika hapa.

Mambo yalibadilika wakubwa wa jeshi walipoamua kwamba vitu vilivyobuniwa nyuma ya ule ukuta vitolewe vikawafae raia. Wakaitwa watu wa hospitali, wa viwanda, wa vyuo, waje watazame na kuchagua. Kitambaa kilichobuniwa ili mahema ya askari yasishike moto kikachukuliwa na washonaji wa aproni za wachomeleaji. Gundi ya kuziba majeraha vitani ikachukuliwa na madaktari wa mifugo. Kila kifaa kikapata mchumba, na kilichobaki bila kuposwa kilikuwa cha shemeji.

Hata hivyo, uamuzi ule ulimletea ruhusa ya kusema. Jumapili moja mchana tulikuwa mezani kwa dada, mimi na wao wawili. Kimya akaweka kijiko chini, akakohoa kidogo.

"Sasa naweza kuwaambia kazi yangu," akasema. "Natafuta mabomu. Yale ya kufukiwa ardhini. Ya plastiki, ambayo vifaa vya kutafuta chuma haviyaoni."

Dada akamgeukia. "Na pampu je?"

"Pampu gani?"

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa siku ile uliendelea mpaka chakula kikapoa. Shemeji aliongea kama mtu aliyekatwa kamba ya ulimi. Mashine yake, alisema, ina magurudumu na mpini kama kigari cha mtoto mchanga. Inatuma mawimbi ardhini. Mawimbi yakikutana na kitu kisichofanana na udongo yanarudi, na anayeisukuma anasikia mlio kwenye hedifoni. Ukisikia kimya, pita. Ukisikia mlio, simama, weka alama, rudi nyuma kwa nyayo zako zilezile. Kwa hiyo maisha yake yote ya kazi, shemeji yangu alikuwa akisukuma mashine huku akiomba isimwambie kitu.

Sasa shida ya mashine hiyo ilikuwa maji. Udongo wenye unyevu ulirudisha mawimbi kwa nguvu kuliko bomu lenyewe, hivyo mashine ilipiga kelele kila penye tope. Pale maabara kelele hizo waliziita takataka. Shemeji alitumia ujana wake kuifundisha mashine ichukie maji, iyapite kana kwamba hayapo. Akafaulu. Lakini alipofaulu, mipaka ilikuwa imeshatulia, na mashamba yenye mabomu yameshasafishwa kwa njia za zamani.

"Amani ilituwahi," alisema. "Nilifurahi. Nani asingefurahi? Lakini mashine haijawahi kutoka nje ya ukuta, hata siku moja. Wamesema isipopata wa kuitumia, itafunguliwa iwe vipuri." Akakisogeza chakula upande mmoja wa sahani, kisha akakirudisha. "Mimi nastaafu karibuni. Nitaondoka pale sijamfaa mtu."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Dada akamwekea mkono begani na akaacha habari za pampu. Ukweli ni kwamba nilimhurumia mno, maana mtu anayekufanyia hisani kila siku ukimsikia anasema hajamfaa mtu, unatafuta pa kuangalia.

Lakini mimi nilikuwa nimeacha kutafuna tangu alipotaja unyevu.

"Shemeji, rudia hapo kwenye maji. Kabla hujaifundisha kuyachukia, ilikuwa inayaona?"

"Ilikuwa inayaona mno. Ndiyo iliyokuwa shida."

"Maji ya chini? Urefu wa mtu kiunoni?"

"Hata zaidi ya hapo."

"Kwa mfano, bomba linavuja chini ya barabara, juu ni pakavu, hakuna dalili. Ingepiga kelele?"

"Ingetuziba masikio," akasema taratibu. Kisha akanyanyuka bila kumaliza kula, akatafuta viatu vyake, dada akamuuliza anakwenda wapi siku ya Jumapili, naye akajibu, "Kazini." Kwa mara ya kwanza hakuongeza "tu".

Kazi ya kuirudisha mashine katika tabia zake za zamani ilimchosha. Ilimbidi atoe kimoja kimoja vile vichujio alivyovitia kwa jasho lake. Aliniambia anajisikia kama mtu aliyemwachisha mtoto ziwa kwa taabu, halafu anaambiwa amnyonyeshe tena. Wakati huohuo, mimi nilikwenda kwa Mhandisi wetu, mama mmoja mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama huyu shemeji ndiye yule aliyejaza maji jikoni. Habari mbaya zina miguu.

"Basi tumjaribu," alisema. "Mtaa mmoja. Ikituonyesha bomba linalovuja, naichukua mashine, na yeye namchukua awafundishe watu wangu. Isipoonyesha, irudi ilikotoka, na usiniletee ndugu mwingine."

Alichagua mtaa wa tanuri la mikate, na sikuweza kulalamika, ingawa mtaa ule ulikuwa umenishinda. Maji yalikuwa yanaingia na kupotea njiani. Mwenye tanuri, tuliyemwita Mama Mikate, alikuwa anakandia unga kwa maji ya kuletewa na mkokoteni, madumu kwa madumu, na tanuri moja kati ya mawili lilikuwa limepoa. Nilishalala kifudifudi pale na fimbo yangu mara nyingi, na nilichosikia ni mngurumo wa mashine yake ya kukandia. "Mkiyapata hayo maji mtakula mikate mpaka mchoke," alituahidi. "Msipoyapata, mtanunua kama watu wengine, tena ya jana."

Shemeji alifika asubuhi mapema, akaomba mtaa uwe mtupu. Nilitaka kufuatana naye, akakataa. "Mmoja njiani," alisema. "Wengine nyuma." Basi nikasimama pembeni na kumtazama. Yule mtu wa mabega ya kucheka hakuwepo. Alisukuma, akasimama, akasikiliza, akasukuma. Mguu haukutangulia gurudumu hata mara moja. Kila baada ya kitambo aliinama kwenye mfuko wake wa turubai, akachomeka kibendera ardhini, kama mtu anayepanda mboga. Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akavua hedifoni.

"Tayari," akaniambia. "Fuateni alama."

"Tutafuata alama," nikasema.

Tukapeana mikono, akarudi maabara. Hakuna aliyemuuliza mwenzake neno la ziada, kwa sababu jambo lilikuwa wazi kama mchana kwake na kwangu. Kuuliza si ujinga, lakini unauliza vipi kitu ambacho unakijua tangu ulipoanza kazi?

Vibendera vyeupe vilikuwa vingi, vimepangika katikati ya mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Vyekundu vilikuwa vichache, kimoja hapa, kingine kule pembeni. Katika mamlaka yetu, mtoto wa shule anajua: nyeupe ni hapa pachimbwe, nyekundu ni waya wa umeme, ukigusa unakwenda na maji. Gengi langu lilipoona ule mstari mweupe lilishika viuno.

"Bosi," alisema mpiga sururu wetu mkubwa, tunayemwita Tingatinga, "huu mtaa hauvuji. Huu mtaa ni chekeche."

Tukachimba kwenye cheupe cha kwanza. Pakavu. Tukachimba cha pili, vumbi likatuingia puani. Cha tatu tulikuta udongo mzuri mkavu, ungeweza kuhifadhia mahindi. Mhandisi akaja, akachungulia, akampigia shemeji simu mbele yetu sote, sauti ikiwa wazi.

"Tumechimba penye alama zako," akasema. "Pakavu."

"Pakavu kabisa?"

"Kabisa."

"Mungu mkubwa," ilisema sauti ya shemeji, kwa furaha ya kutoka moyoni. "Asante sana, Mama Mhandisi. Endeleeni hivyo hivyo."

Mhandisi aliitazama simu, akanitazama mimi, akaiweka mkobani. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jioni dada akanipigia. "Mdogo wangu, mmemfanya nini mume wangu? Anaimba bafuni. Tangu tuoane sijamsikia akiimba, na sasa naelewa kwa nini. Anasema majaribio yanakwenda vizuri ajabu, hamjakutana na tatizo popote."

"Eh," nikasema. "Yanakwenda."

Ungekuwa wewe, ungesemaje? Nilikata simu. Nilidhani maskini amechanganyikiwa kwa hamu, kwamba anataka sana mashine ifaulu hata hasikii anachoambiwa. Nikaona heri nisubiri, labda kesho bomba litatuonea huruma.

Kesho yake tulichimba vyeupe vilivyobaki hadi karibu na mlango wa tanuri, tukikwepa vyekundu kama ukoma. Pakavu, pakavu, pakavu. Mama Mikate alitoka na unga mikononi, akasimama akautazama mtaa wake.

"Hebu nielewesheni," alisema. "Mnatafuta maji au mnapanda miti?"

Gengi likacheka, mimi sikucheka. Mhandisi aliyatazama yale mashimo yaliyojipanga, akafunga mwavuli wake. "Inatosha, Sikio. Fukieni. Mpigie ndugu yako aje achukue vibendera vyake, na umweleze vizuri, usimvunje moyo zaidi ya inavyobidi." Kazi hiyo ikawa yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa siku ile ningekuwa na shimo la kuchagua.

Shemeji alikuja mchana, shati limepigwa pasi, mfuko wa turubai begani, uso unang'aa kushinda utosi. Nilimsubiri mwanzo wa mtaa na maneno yangu nimeshayapanga: kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kwamba mashine ni mashine, kwamba kustaafu nako kuna raha zake. Akanisalimia, akanipita, akaanza kutembea mtaani kutazama kazi.

Hapo ndipo nilipoona miguu yake. Mtaa ule ulikuwa mpana. Pembeni palikuwa sawasawa, pa kupita gari. Lakini yeye alikuwa anapita katikati, penye mashimo, kibendera cheupe hadi kibendera cheupe, anaruka shimo, anapanda kifusi, anashuka, anaruka lingine, mtu mzima na suruali yake ya pasi.

"Shemeji," nikaita, "utavunjika. Pita huku pembeni."

"Huko kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui ni nini. Kuna kitu." Akanionyesha kibendera chekundu kwa kidevu. "Si nimeweka alama?" Kisha akasimama ukingoni mwa shimo, akachungulia ndani, akageuka kutazama mengine yote nyuma yake. Furaha ikaanza kumtoka usoni, ikabaki kutoelewa. "Lakini shemeji. Kwa nini mmechimba njia?"

"Njia gani?"

"Hii. Nimewawekea nyeupe mpite salama. Mbona mmeichimba yote? Sasa mtapita wapi?"

Tingatinga aliangusha sururu, akakaa chini polepole juu ya kifusi. Mhandisi, aliyekuwa ameshafika kwenye gari lake, alirudi.

"Subiri," alisema. "Nyeupe ni nini?"

"Pa kupita."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu ni mashine imelia. Kuna kitu." Akatutazama mmoja mmoja kama mwalimu aliyeingia darasa lisilo lake. "Kwani nani anachimba kwenye nyeupe?"

"Na nani anachimba kwenye nyekundu?" aliuliza Tingatinga kutoka kule chini.

"Hakuna," alijibu shemeji kwa uzito wote. "Kwenye nyekundu hakuna anayechimba. Anaitwa mtu maalumu."

Mhandisi alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Kwa hiyo," alisema alipoweza, "kila tulipochimba pakawa pakavu, mashine yako ilikuwa imesema pakavu."

"Ndiyo. Nikafurahi mlivyonipigia."

Jamani, kicheko kilichozuka pale kilimtoa Mama Mikate tanurini mara ya pili. Tingatinga alilala chali kabisa. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nusu kwa kichekesho chenyewe na nusu kwa kuona mzigo umenitoka kifuani. Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa anavihesabu vibendera vyekundu kwa macho. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba jibu lake bado limefukiwa.

Mhandisi alitazama ramani ya umeme. Nyaya zilipita mtaa wa pili. "Haya," alisema. "Chimbeni kwenye nyekundu."

Hakuna aliyesogea. Gengi langu lilijua kwamba hakuna waya, limeambiwa na Mhandisi mwenyewe, ramani imefunguliwa mbele yao, na bado kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana kiu. Wazee wa kazi hawachimbi kwenye nyekundu. Ikabidi shemeji aende mwenyewe, kwenye kile cha karibu na ukuta wa tanuri. Akatuambia turudi nyuma. Tukarudi. Akasema zaidi. Mama Mikate na wateja wake wawili wakasogea hadi ng'ambo ya mtaa, mikate kwapani.

Alilala kifudifudi na suruali yake ya pasi, akaazima mwiko wa mwashi, akaanza kukwangua udongo kwa pembeni, si kwa juu. Anakwangua kidogo, anaweka kando, anapapasa kwa ncha za vidole.

"Kwa mwendo huu," alisema Tingatinga, "tutakuta maji ya masika."

"Mwenda pole hajikwai," alijibu Mama Mikate. "Mwacheni. Nyinyi haraka yenu tumeiona." Na akaonyesha mashimo.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaenda nikalala karibu naye, tumbo chini, kidevu mavumbini.

"Mmoja njiani," alininong'oneza.

"Shemeji, hapa hakuna bomu."

"Najua."

"Basi mbona mkono unatetemeka?"

"Mimi najua. Mkono haujui."

Alikwangua tena, na tena, kisha udongo ukabadilika rangi. Kutoka hudhurungi ukawa mweusi, na harufu ya tope ikapanda. Akaacha hapo hapo. Mwiko ukabaki hewani.

"Kuna kitu," alisema.

"Endelea."

"Hapa ndipo tunapoishia. Nikifika hapa narudi nyuma." Aligeuza uso kunitazama, shavu lote vumbi. "Sijawahi kuendelea."

Nikamshika mkono ule uliokuwa unatetemeka. Kisha akauvuta, akauingiza kwenye lile tope hadi kiwikoni, akapapasa, akang'oa bonge zima kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Maji yalimrukia usoni. Yalimjaa mdomoni, yakamshuka kifuani, yakaanza kujaza kishimo na kutafuta njia kati yetu wawili. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, ufa mrefu kama wembe, na tangu lini, Mungu ndiye anajua. Shemeji alikaa ndani ya lile dimbwi akacheka. Hakucheka kwa mabega. Alicheka kwa sauti, kinywa wazi, sauti nzito ambayo dada yangu hajawahi kuisikia katika ndoa yake, na ikabidi nimpigie simu asikilize.

Gengi likaja mbio na sururu zake, uoga umeisha. Tukafunga koki, tukapanua shimo, tukakata kile kipande kibovu na kuweka kingine. Maji yaliporudishwa, bomba la tanuri lilikohoa, likatema kutu, likakohoa tena, kisha likamwaga. Mama Mikate alituita tukaone. Aliweka mikono chini ya maji na unga wake, akaiacha pale muda mrefu bila kuisugua, akilia kidogo na kututukana kidogo kwa kumharibia mtaa. Halafu akamgeukia shemeji, akamwambia, "Baba, umenifaa. Wafanyakazi wanne niliowarudisha makwao, kesho nawaita wote kwenye tanuri la pili."

Shemeji alikuwa mlangoni, anachuruzika. Sikujua kama aliniona namtazama. Alirudia neno moja, "Nimemfaa," kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya kama kinamkaa. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati uliolowa, na haikusaidia kitu.

"Mashine inabaki," alisema Mhandisi, tayari yuko garini. "Na yeye pia. Ila leo leo mkae chini mkubaliane hizo rangi."

Jua lilikuwa linashuka na watu wangu walianza kukusanya vifaa. Tulikuwa tumechimba siku mbili, kila mtu mgongo umegoma. Nilimtafuta shemeji nimpeleke kwa dada abadili nguo. Nilimkuta amesimama mtaani, viatu vinatoa povu, shati na suruali havitambuliki, anatazama mbele. Huko kulikuwa na vibendera vyekundu vingine, vimesimama pembeni ya barabara, havijaguswa.

"Shemeji," akaniambia. "Bado viko vingine."

"Naviona."

Alisitasita. Miaka yote ile nyuma ya ukuta, nadhani neno alilolisema sasa hakuwahi kulitumia na mtu yeyote.

"Tuchimbe?"

Nikageuka nikalitazama gengi langu, nao wakanitazama mimi, nikajua nitalipia baadaye kwa matusi. "Tuchimbe," nikasema. Akaichukua sururu mikononi mwa Tingatinga, akauacha mstari mweupe, akakatiza barabara moja kwa moja.